Muziki wa Oktoba Usio na Maneno

Majani ya mti ulio mbele ya nyumba yamekwisha kudondoka, na majirani zetu hapa Minneapolis, Marekani, wameshapanga maboga barazani. Nyumbani kwetu watoto wanahangaikia mabawa na vinyago, baba yao ananunua peremende, nami kazi yangu ni muziki wa Halloween, sikukuu ambayo watoto huvaa kama mizimu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Ninaichukulia kwa uzito. Jioni hizi napanga kitakachosikika tarehe 31, tangu jua linapozama mpaka mtoto wa mwisho apite mlangoni, na sharti langu ni moja: asiimbe mtu.

Nimekulia Unguja, ambako Halloween haikuwa sehemu ya utoto wangu. Nyimbo za sikukuu hii zenye maneno zinanipita. Wenyeji wa hapa wakizisikia wanatazamana na kucheka, kila mmoja ana mwaka wake na shule yake anayoikumbuka, nami nabaki kusubiri ziishe. Muziki wa ala tupu haunitengi hivyo. Huenda ni masikio ya nyumbani: taarabu ya kwetu hufunguliwa kwa bashrafu, fidla na ganuni zikisema peke yake kabla mwimbaji hajasimama, na tangu udogo nilipenda sehemu ile kuliko zote.

Kipande ninachokipenda zaidi Oktoba ni "Great Pumpkin Waltz" cha Vince Guaraldi, mpiga piano wa jazi wa San Francisco. Alikitunga kwa ajili ya katuni ya Charlie Brown iliyoonyeshwa mara ya kwanza na televisheni ya CBS tarehe 27 Oktoba 1966, ambamo Linus, rafiki yake Charlie, anakesha shambani akilingojea Boga Kuu analoamini huwaletea watoto zawadi, na Boga lenyewe haliji. Hakuna cha kutisha humo. Ni mwendo wa waltzi, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, piano inakwenda taratibu na filimbi iko juu yake. Sauti inapanda ikitaka kufurahi, kisha inashuka kabla ya kufika.

Guaraldi alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 47. Watoto walioitazama katuni ile mwanzoni sasa wana wajukuu. Juzi jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa sebuleni kwangu filimbi ilipoanza. Akakiweka kikombe chake mezani, akaanza kutusimulia Halloween ya 1991. Tufani ya theluji ilianza siku ile ile, na ilipokwisha ilikuwa imeangusha zaidi ya inchi 28 mjini hapa. Wanawe walitoka hivyo hivyo, makoti mazito juu ya nguo za mizimu, asionekane nani ni mzimu wa nani. Mwaka ule mimi nilikuwa Unguja na sikuwa nimewahi kuiona theluji. Lakini waltzi ikiendelea pale, niliikumbuka pamoja naye. Sijui niseme vipi vingine.

Giza likiingia namweka mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns, "Danse macabre", yaani ngoma ya wafu, ya mwaka 1874. Kinachonivutia ni kwamba kabla ya hapo, mwaka 1872, ulikuwa wimbo wenye maneno. Baadaye akamwondoa mwimbaji na kumpa fidla nafasi yake, na naamini alifanya vyema mno. Kinubi kinagonga sauti moja mara 12: usiku wa manane. Kisha anaingia Mauti na fidla yake. Uzi wake wa juu umelegezwa kwa nusu sauti, hivyo nyuzi mbili za mwisho zikipigwa pamoja zinatoa mlio usiotulia. Zailofoni, ndugu ya marimba, inaleta milio mikavu ya mifupa inayocheza. Mwishoni obo, ala ya jamii ya zumari, inawika, jogoo wa alfajiri, na wafu wanarudi makaburini. Binti yangu ameshajifunza kuingoja sauti hiyo ya jogoo kwa pumzi aliyoibana.

Tokata ya Bach ya kinanda cha kanisani nimeiacha. Imetumiwa mno kwenye matangazo ya biashara. Muziki wa John Carpenter wa filamu yake ya kutisha "Halloween", 1978, nauheshimu sana: piano kavu, mapigo matano kwa kila hesabu, mdundo aliofundishwa na baba yake kwa ngoma za bongo. Matano hayo hayaupi mguu mahali pa kutua. Ila hiyo ni hofu ya mtu anayefuatwa, na mtu anayefuatwa hakumbuki chochote. Utasubiri watoto walale.

Binti anataka nianze na bashrafu. Nimekubali, na nimeshachagua moja ya mwendo wa polepole, itangulie mbele ya Guaraldi. Spika nitaiweka ndani, karibu na dirisha, kwa sauti ya chini. Barazani ingewatisha wale wadogo wa miaka mitatu minne, nami nataka wapande ngazi waje wagonge.