Siku moja na madaftari ya mahudhurio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko getini. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa sekondari walio katika hatari ya kuacha shule, na huanza kwa kuwasalimia kwa majina. Aliyekosekana jana namwambia, "Jana hatukukuona, karibu sana." Simhoji mbele ya wenzake. Mtoto anayeaibishwa getini, siku akichelewa tena ataona heri ageuze njia.

Saa mbili madaftari yote yako mezani. Wastani wa shule siutumii kabisa, maana unaficha watu. Darasa la wanafunzi 40 lenye mahudhurio ya asilimia 95 laonekana zuri, kumbe huenda 30 hawajakosa hata siku moja na 10 wanakosa siku moja katika kila tano. Mimi humhesabu kila mmoja peke yake. Akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, kwa ruhusa au bila ruhusa, jina lake linaingia kwenye orodha yangu. Katika mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, kama mbili tu kwa mwezi, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Saa tatu napiga simu kwa wazazi na walezi. Sisemi "mtoto wako ni mtoro". Nataja jumla ya siku, kisha nauliza kuna nini. Wengi hudhani ni chache kuliko zilivyo. Huko Philadelphia, Marekani, jaribio lililohusisha zaidi ya kaya 28,000 na kuchapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba barua zenye idadi halisi ya siku alizokosa mtoto zilipunguza utoro sugu kwa asilimia 10 au zaidi. Barua tu!

Saa nne na nusu, mapumziko, nakaa na kijana wa kidato cha pili. Nimeona kwenye daftari kwamba anakosa Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine yupo. Ratiba inasema siku hizo kuna vipindi viwili mfululizo vya hesabu. Anakaa kimya muda mrefu, nami namwacha. Mwishowe anasema, "Mwalimu, nikiitwa ubaoni wananicheka." Mwezi mzima ameitwa mvivu, na adhabu alizopewa zimemwongezea sababu ya kubaki nyumbani.

Saa saba kikao cha walimu. Tunatazama mahudhurio, mwenendo na alama kwa pamoja, kwa kuwa kimoja kikianza kushuka vingine hufuata. Mwalimu mmoja anamtaja binti asiyekosa hata siku moja, ila siku hizi hajibu swali wala haandiki. Naye namwingiza kwenye orodha. Kuwapo darasani si kushiriki, na ukimya wa namna hiyo mara nyingi hutangulia utoro.

Saa tisa namfuata mwalimu wa hesabu. Tunakubaliana kwamba kwa sasa hatamwita kijana ubaoni ghafla. Atampa swali siku moja kabla, alifanye na mwenzake anayemwamini, kisha aje kulieleza akiwa tayari.

Saa kumi nampigia mama yake kumweleza mpango huo. Anauliza swali la kwanza litatolewa lini, ili jioni hiyo asimpe kazi nyingine.