Nilivyovuka Kasumulu kwa Mara ya Kwanza Nikiwa na Miaka 56

Mdogo wangu ameolewa Karonga, Malawi, yapata miaka ishirini sasa. Kutoka kwangu Uyole, Mbeya, hadi kwake, ukivukia mpaka wa Kasumulu, ni mwendo wa nusu siku ukiwahi gari la alfajiri. Miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga kwake. Yeye ndiye aliyekuja kila Krismasi na mifuko yake ya usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Dar es Salaam, ambako ni mbali zaidi, nimekwenda mara nyingi tu. Lakini Dar ni nyumbani. Lililokuwa likinikaba koo ni hilo neno "nje ya nchi".

Nilichokiogopa hasa ni dirisha la uhamiaji. Niliona wazi kabisa kwamba nitaulizwa swali, nitajibu vibaya, na afisa atainuka na pasi yangu aingie nayo chumba cha ndani. Usiku nilijihoji kitandani. Unakwenda wapi? Kwa mdogo wangu. Utajuaje kama bado anaishi hapo? Hapo nilikwama, na mume wangu akaniomba tulale kwanza, tutajibu asubuhi. Niliogopa pia nisije nikafia huko, watu wakahangaika na makaratasi ya kunirudisha. Tena mimi nimezaliwa Tukuyu, nimekua nikiuona Mlima Rungwe kila nikifungua mlango.

Mwaka jana mwezi wa tatu mdogo wangu akateleza kisimani, akavunjika mguu. Akanipigia: "Dada, safari hii zamu ni yako." Nikasema ndiyo kabla woga haujanifikia.

Makaratasi ndiyo yaliyonichosha. Walitaka kitambulisho cha NIDA, cheti changu cha kuzaliwa, na cha mzazi. Baba yangu alizaliwa wakati kijijini kwetu hakuna aliyejua cheti ni kitu gani, ikabidi nimtafute wakili nile kiapo. Pasi yenyewe nililipia shilingi 150,000. Nilipoipata niliifunga kwenye kanga nikaiweka sandukuni, na kila jioni nilifungua kuhakikisha picha bado ni yangu. Chanjo ya homa ya manjano nayo nilichomwa mapema, maana kinga yake huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Ile kadi ya njano siku hizi ni ya maisha yote, na hilo lilinifurahisha, kwamba sitachomwa tena.

Sasa nieleze kilichonisaidia kweli, kwa sababu sala na ushauri vilinitia nguvu lakini tumbo liliendelea kukoroga. Kijana wangu wa mwisho aliniambia, "Mama, nenda mpakani siku moja ukaangalie tu. Usivuke." Nikapanda kosta ya Kyela, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda hadi Kasumulu. Nikakaa kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza chai na maandazi, nikatazama tangu saa nne hadi saa nane. Walipita vijana wenye baiskeli zilizoelemewa na magunia, walipita wanawake wenye beseni kichwani na watoto mgongoni. Mama mmoja mzee kuliko mimi alivuka kwenda, akarudi na furushi, akavuka tena. Nilimhesabu mara tatu. Hakuna aliyeingizwa chumba cha ndani. Mama ntilie akanieleza kwamba Mto Songwe, ambao ndio mpaka, ukifurika huhama njia yake, na watu huamka shamba limebaki ng'ambo. Nikawaza, kama mto wenyewe hautulii mahali pamoja, mimi naogopa nini? Nikalipa chai, nikarudi Uyole. Usiku ule nililala.

Siku ya safari majirani walifika saa kumi na moja alfajiri. Tulisali, tukaimba, jirani mmoja akalia, nami nikalia. Nilibeba ndoo ya viazi, parachichi na majani ya chai.

Dirishani afisa wa kwetu aligonga muhuri bila neno. Upande wa pili alikaa kijana mdogo, sura ya mwanangu kabisa. Akauliza, "Utakaa siku ngapi?" Kati ya maswali yote niliyojibu kitandani, hilo halikuwemo. Nikamwambia mpaka mguu upone. Akacheka, akauliza mguu wa nani, nikamsimulia kisa chote tangu kisimani, foleni nyuma yangu ikisikiliza. Akaandika siku zangu, akanirudishia pasi akisema, "Ndaga fijo." Nilishtuka. Ni asante sana ile ile ya bibi yangu! Nilikuwa najua tangu zamani kwamba Wangonde wa Karonga na sisi Wanyakyusa ni ndugu wa lugha, ila kulijua jambo na kulisikia likitoka kwenye dirisha unaloliogopa ni vitu viwili.

Halafu saa. Nilivuka saa tano, upande wa pili ikawa saa nne, kwa kuwa Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikabaki na saa nzima mkononi. Niliitumia kukaa juu ya ndoo yangu nikisubiri gari lijae.

Mdogo wangu alinipokea mlangoni na magongo yake, tukacheka mpaka akaomba kiti. Ziwa ni lile lile, sisi tunaliita Nyasa na wao Malawi. Ugali wao ni nsima.

Jioni ya pili akaja bibi jirani, mwenye umri wa kunizidi. Alinitazama sana, kisha akauliza polepole, kwa Kingonde chake nilichokielewa karibu chote, kama ni kweli maofisa wa Tanzania hufoka. Ana binti Kyela, na hajawahi kuvuka. Nikasogeza kigoda. Nikamwambia aanze kwa kwenda kukaa tu, na wa kwetu yule wa dirishani hafoki.