Siku moja na dabo besi, Unguja hadi Dar

Saa kumi na moja alfajiri naukagua kwanza mshono wa tumbo la besi, ile fidla kubwa ya kusimama nayo, ndipo nabandika chai. Unyevu wa Unguja hauna urafiki na dabo besi: gundi hulegea, mbao zikaachana, na usipogundua mapema utaisikia ikikoroma jukwaani mbele ya watu. Leo mshono umeshika. Mazoezi ya saa moja kwa upinde, polepole, jirani asiamke. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa mbili nafundisha vijana wawili. Mimi mwenyewe nilifundishwa DCMA, chuo cha muziki cha hapa Unguja, ilipokuwa kwenye jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, na besi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ndefu kuliko mimi. Nikisema napiga jazi, watu hudhani ni mambo ya Morogoro Jazz, magitaa na tarumbeta. Bendi zetu za dansi zilijiita jazi, lakini mimi nasema ile ya Kimarekani, ya wapiga besi kina Charles Mingus na Ron Carter, ambayo peke yake haijawahi kunilipia kodi ya nyumba. Kwa hiyo Alhamisi taarabu, Jumapili harusi, na Jumamosi kama leo hoteli Dar. Kwenye taarabu mimi namfuata mpiga dumbaki. Kwenye jazi mpiga dramu ananifuata mimi, ingawa hatakiri.

Saa nne na nusu, bandarini.

“Shekhe, humo mna maiti?” Hilo nimelizoea. Sikumzoea karani wa mizigo. Aliuzunguka mfuko mara mbili, akauliza kabati la nani. Nikamwambia ni chombo cha muziki, kilo kama kumi tu, nitasimama nacho pembeni. Akasema gitaa analijua, na hili si gitaa. Akalipima kwa macho, akataja bei ya jokofu. Nikafungua zipu, nikapiga kidogo. Wachukuzi wakacheka, mmoja akaanza kutikisa mabega. Karani hata meno hakuyaonyesha. Foleni nyuma yangu ikaguna, mama mmoja mwenye pakacha la maembe akasema, “Mwanangu, si ulipe tu tupite?” Nikalipa. Hasara ilikuja baada ya hapo. Kabla sijaushika mfuko, mchukuzi alishautia begani kichwa chini, akaubwaga juu ya magunia. Ndani nikasikia tok, halafu kitu kikabingirika.

Sikuhitaji kuchungulia. Ndani ya tumbo la besi husimama kijiti cha mbao, unene wa kidole gumba, hakina gundi wala msumari. Kimebanwa tu kati ya uso na mgongo, na nyuzi ndizo zinazokigandamiza. Wafaransa wanakiita roho. Kikianguka sauti inakufa, na usipolegeza nyuzi upesi uso unaweza kubonyea. Nikalegeza zote nne pale pale magunini, karani akinihimiza nisizibe njia.

Boti ilipoondoka nikatoa daftari. Kuna utunzi wangu wa bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, unaonisumbua: ukitoka Re, noti inayofuata imekaa katikati ya vibao viwili vya piano. Piano haina noti hiyo. Besi inayo, maana shingo yake haina vyuma kama gitaa, kidole kinatua popote sikio linapotaka. Mpiga piano wetu husema jazi na udi, kinanda cha nyuzi cha taarabu, haviivi chungu kimoja. Namtajia Ahmed Abdul-Malik, aliyepiga besi na mpiga piano wa jazi Thelonious Monk New York miaka ya 1950, na udi akaupiga vilevile. Hanyamazi, ila hupunguza.

Dar, sijui saa ngapi tena. Bajaji mbili zimenikataa, ya tatu imenibeba shingo ya besi ikiwa nje kama twiga. Hotelini nimepewa ujia wa nyuma ya jiko. Kifaa cha fundi sina, ninayo spoki ya baiskeli niliyoipinda umbo la S na kuinoa ncha. Unakichoma kijiti, unakipitisha kwenye tundu la uso, unamulika kwa simu kupitia tundu la pili, unakisimamisha nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Kikaanguka. Nikaipindua besi na kuitikisa kama mtoto anayetoa shilingi kwenye kibubu. Nikakisimamisha, kikaanguka. Wapishi wanapita na masinia juu ya kichwa changu, miwani imejaa ukungu, vitunguu vinanitoa machozi. Mara ya nne au ya tano meneja akachungulia: wageni wameshakaa, mbona natengeneza meza? Sikumjibu, nilikuwa nimebana simu kwa meno. Mara ya saba, au ya nane, kikasimama.

Tulianza tumechelewa. Wimbo wa kwanza vidole vilitetemeka, wa pili vikatulia. Katikati ya seti mgeni mmoja akaja mbele kuomba tupunguze hiyo ngurumo, anataka kuzungumza na mkewe. Nikazima amplifaya, nikagusa nyuzi kwa ncha za vidole tu. Nyimbo mbili baadaye akarudi kuuliza mbona muziki umepoa.

Nikawasha.

Gesti, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Vidole vimevimba, kula sijala. Kijiti bado kimesimama. Nimeshakimulika mara mbili.