Kahawa ya saa tatu usiku

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kinachonisumbua ni kazi. Mimi ni mhasibu, na yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwaka anajua jinsi mwezi wa Juni unavyomfanya mtu mpole kuwa mkali kwa watoto wake. Lakini Juni ilipita, hesabu zikafungwa, na moyo wangu ukaendelea kwenda mbio kila asubuhi nilipopanda basi la mwendokasi. Nilipokwenda kupima, presha ilisoma 148 kwa 94, na daktari, ambaye nilitarajia anihoji kuhusu ofisi, akaniuliza ninakunywa nini jioni.

Baada ya swala ya isha huwa ninakaa barazani na wazee wa mtaa wetu hapa Magomeni. Muuza kahawa hupita na birika lake, akigonganisha vikombe, nami sikuwa nikiridhika na vikombe chini ya vinne, kashata pembeni. Daktari alinipigia hesabu ambayo hata mhasibu hawezi kuipinga: kwa watu wazima wengi mwili huhitaji takriban saa tano kupunguza kafeini kwa nusu, hivyo kahawa niliyokunywa saa tatu usiku ilikuwa bado imebaki nusu yake ifikapo saa nane, saa ileile niliyozoea kuamka na kukodolea macho dari, nikidhani kwamba mawazo ya kazi ndiyo yaliyoniamsha.

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha katika jarida la Nature maelezo mafupi kuhusu panya waliopatwa na mambo tofauti kabisa, kama baridi, majeraha, kuchoshwa kupita kiasi na sumu, ambao hata hivyo miili yao ilionyesha dalili zilezile. Ninavyoelewa mimi, ndivyo ilivyokuwa kwangu: tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zikimwaga kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa na msongo, kwa sababu ya usingizi mbovu kama ambavyo zingeimwaga kwa sababu ya bosi mkali, na mimi nilikuwa nikimlaumu bosi peke yake. Kisha asiyelala huikabili kazi ileile akiwa na subira ndogo zaidi, na jioni huitafuta kahawa kwa hamu zaidi.

Baraza sikuliacha, kwa kuwa maongezi ya wale wazee yananituliza kuliko dawa yoyote ninayoijua. Nimeihamishia kahawa alasiri, na usiku ninakunywa maji ya tangawizi, jambo lililowachekesha kwa wiki nzima. Nikitoka kazini ninashuka kituo cha Fire na kutembea kupitia Jangwani hadi nyumbani, kama nusu saa hivi, na kwa siku tano za kazi ninafikisha zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Masika, Jangwani inapojaa maji, mpango huo huvurugika, na sijaona haja ya kujilaumu kwa hilo.

Mara ya mwisho kupima, presha ilikuwa 134 kwa 86, na daktari hakuonekana kuridhika sana. Alitaka kujua kuhusu chumvi kwenye chipsi, kisha kuhusu simu. Hiyo ya simu bado inanishinda: juzi nilifungua ujumbe wa kikundi cha ofisini saa tano na nusu usiku, nikiwa tayari nimelala chini ya chandarua, na saa saba ikanikuta nikiandika jibu ambalo hakuna aliyeliomba.