Tuanze na better na worse, taller itasubiri

Jumamosi huwa nafundisha Kiingereza watu wazima waliohamia hapa Louisville, Kentucky, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule kwetu Kigoma. Vitabu tulivyopewa huanza somo la kulinganisha na "tall, taller, tallest". Mimi naanza na "better" na "worse".

Sababu ni hospitali. Nesi hatakuuliza nani mrefu. Atakuuliza, "Is the pain better or worse?" na jibu lako lina uzito kwenye matibabu. Mama mmoja mwenye maumivu ya nyonga alikuwa akiitikia "yes", kwa heshima tu, na nesi akabaki hajui kama amepata nafuu au amezidiwa. "Good" hugeuka "better" na "bad" hugeuka "worse" bila kufuata kanuni yoyote, kwa hiyo lazima zikaririwe, na zikaririwe mapema.

Kosa ninalolisikia zaidi ni "my brother is big than me". Wala si uzembe. Kwetu mrefu hubaki mrefu, na "kuliko" inabeba kazi yote peke yake, basi mtu akishaijua "than" anaona amemaliza. Kiingereza kinataka sifa yenyewe ibadilike kwanza. Neno fupi huongezewa -er: "old, older". "Big" hurudia g, "happy" hugeuza y kuwa i. Neno refu kama "expensive" haliguswi, hutanguliwa na "more". Anayewapita wote huchukua -est au "most", na kwa kawaida "the" hukaa mbele. Tahajia siikalii sana. Sikio likishazoea, mkono utafuata.

Na anayesema "more better" asichekwe. Shakespeare aliandika "the most unkindest cut of all" katika Julius Caesar, tamthilia ileile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Enzi hizo kurundika "most" na -est pamoja hivyo kulikubalika. Leo kwenye usaili wa kazi kunaweza kukuangusha, ndiyo maana narekebisha, ila taratibu, na kamwe si mbele ya watoto wake mtu.

Zoezi ninalolipenda ni la vipeperushi vya bei za supamaketi. Naviweka mezani, mchele huu na ule, mafuta haya na yale: "This rice is cheaper than that one." Hapo hata wazee wasiopenda kusema hubishana kwa Kiingereza, maana bei ya mchele inawahusu.