Deiwaka wa angani: siku yangu moja kwenye zamu ya akiba

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Tanga, rubani msaidizi wa ndege za Embraer 175 katika shirika moja hapa Marekani. Familia yangu inaishi Minneapolis ila kituo changu cha kazi ni O'Hare, Chicago. Kwa mwaka wa pili sasa mimi ni rubani wa akiba, yaani yule anayeitwa mwenzake akiumwa, akikwama njiani au ratiba ikivurugika. Watu wengi huniuliza ninalipwaje siku ambazo siruki, kwa hiyo nimeandika siku moja nzima, tarehe 26 Julai.

Saa 10:00 alfajiri

Simu iko kifuani, sauti juu kabisa. Kuanzia dakika hii hadi saa 12 jioni mimi ni wa watu wa ratiba. Hizo ni saa 14, na sheria ya usafiri wa anga ya Marekani hairuhusu dirisha la zamu hii lizidi hapo. Wakipiga, natakiwa kuripoti uwanjani ndani ya saa 2. Kwa hiyo siendi mbali, siendi sinema, na pombe hata siiwazi.

Nimelala geto. Ni nyumba ya vyumba vitatu karibu na uwanja, marubani tisa, vitanda vya deka kama bweni la sekondari. Kodi ya kitanda inatoka mfukoni mwangu, na kuja Chicago kutoka nyumbani ni juu yangu pia. Kampuni inanihesabu kuanzia kituoni, hainihesabu kuanzia mlangoni kwangu.

Chicago ikiwa saa 10 alfajiri, Tanga ni saa 6 mchana, na mama anajua niko macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo unarusha?"

"Sijui mama. Nasubiri simu."

"Na huko kusubiri wanakulipa?"

"Wananilipa."

Akanyamaza kidogo. "Basi kazi ya hivyo hata kaka yako anaiweza."

Kaka yangu ni deiwaka wa daladala. Dereva mwenye gari akichoka au akiwa na msiba, yeye anashika usukani kwa tripu mbili tatu, anaachiwa kidogo baada ya hesabu ya tajiri kutimia. Dereva asipochoka, kaka anashinda kijiweni na jioni anarudi mikono mitupu. Kikazi mimi na yeye ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mimi nina mkataba wa chama cha marubani, na ndani yake kuna sentensi moja inayosema rubani wa akiba atalipwa si chini ya saa 75 kwa mwezi, aruke asiruke.

Saa 12:30 asubuhi

Nimelala tena. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mama ameielewa vizuri.

Saa 3:00 asubuhi

Nafua soksi, naandaa chai, napiga hesabu. Nina kadaftari kwa sababu siamini mashine ya mtu anayenilipa.

Marubani hatulipwi kwa saa za kuwa kazini. Tunalipwa kwa saa zinazoanza ndege inapotoka getini hadi inapofunga breki geti la mwisho. Kukagua ndege kwa tochi, kusoma hali ya hewa, kusubiri abiria wapande, hiyo yote ni kazi lakini si saa ya malipo. Tuseme kiwango changu ni dola 100 kwa saa (si hicho, ila kinarahisisha). Dhamana ya saa 75 ni dola 7,500. Leo, zikiwa zimebaki siku tatu za zamu mwezi huu, leo ikiwemo, nimejikusanyia saa 58 na dakika 20. Yaani ningekaa geto hadi tarehe 28 bila simu kulia, ningelipwa 75. Nikiruka nikafika 70, nalipwa hizo hizo 75. Pesa inaanza kuongezeka baada ya dhamana kuvukwa, na rubani wa akiba haivuki mara nyingi.

Kuna ndugu wanadhani huu ni uvivu uliohalalishwa. Nawaambia wafunge simu shingoni saa 14 kwa siku, siku 18 kwa mwezi, halafu tuzungumze.

Kwa nini niko akiba na si kwenye ratiba ya kawaida? Orodha. Kila kitu kwetu kinakwenda kwa tarehe ya kuajiriwa: ndege, kituo, likizo, siku za mapumziko. Umahiri hauhusiki, umri hauhusiki. Walio juu wanachagua, na kinachobaki ndicho chetu. Hata ndani ya akiba kuna matabaka. Wakubwa kidogo wana akiba ndefu, ile ya kupewa taarifa saa 12 kabla, kwa hiyo wanakaa kwao na wake zao. Sisi wa chini ni saa 2, na mara nyingine tunawekwa kukaa palepale uwanjani na sare.

Saa 5:50 asubuhi

Simu. Kijana wa ratiba, sauti ya haraka: kuripoti saa 7:50 mchana, O'Hare kwenda Minneapolis, kurudi O'Hare, kisha Cedar Rapids na kulala huko. Kufika Cedar Rapids saa 2:15 usiku.

Nikafungua kadaftari. Zamu ya akiba kama yangu, ya kuripoti ndani ya saa 2, inahesabiwa pamoja na kazi yenyewe, na jumla haipangwi kupita saa 16. Nilianza saa 10 alfajiri, kwa hiyo ukomo wangu ni saa 2 kamili usiku.

"Hiyo ya mwisho inanipitisha dakika 15," nikamwambia.

Kimya, vidole kwenye kibodi. "Kweli. Naitoa."

Hakukasirika na mimi sikukasirika. Ila asingeulizwa, ningeenda. Masharti haya ya mapumziko yalianza kutumika Januari 2014, na yamelipiwa. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na katika uchunguzi likaibuka suala la uchovu na marubani wanaosafiri usiku kucha kufika kituoni. Rubani msaidizi wa ndege ile alikuwa ametoka Seattle hadi Newark usiku kabla ya safari. Nikiwaza hilo nikiwa kwenye kitanda cha deka, dakika 15 hazionekani chache.

Na kwa kukataa nimejikata saa moja ya hesabu. Imenigharimu nini? Hata senti. Niko chini ya dhamana.

Saa 8:35 mchana

Tumetoka getini kwa wakati, kisha ngurumo. Radi magharibi ya uwanja, njia za kutokea zimefungwa moja moja, foleni ya ndege kama magari ya Ubungo enzi zile kabla ya daraja la juu. Injini moja tumeizima kuokoa mafuta.

Kapteni leo ni mama mmoja aliyewahi kukaa kwenye kamati ya chama ya mambo ya ratiba. Nikamuuliza mazungumzo ya mkataba mpya yamefika wapi. Akacheka tu. Watu wa ndege hapa tunaongozwa na Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili ituhusu na sisi. Chini yake mkataba hauishi muda kama leseni. Unafika tarehe ya kufunguliwa, mnaanza kujadiliana, na masharti ya zamani yanaendelea hata miaka ikipita. Kugoma huwezi hadi Bodi ya Taifa ya Usuluhishi iwaachie, halafu siku 30 za kupoa zipite. Anachotaka yeye kwenye mkataba ujao ni kila siku ya akiba ihesabiwe kivyake, ili ukiitwa siku moja ukaruka saa 7, ile ziada isimezwe na siku ulizokaa. Mimi naomba afanikiwe kabla sijazeeka.

Saa 10:45 jioni

Minneapolis. Safari iliyopangwa dakika 95 imechukua saa 2 na dakika 10, na mkataba unanihesabia kilicho kirefu kati ya kilichopangwa na kilichotokea. Mke wangu na mtoto wako dakika 20 kutoka hapa. Nina dakika 45, kati yake 30 ni za kuandaa ndege. Nikampigia nikiwa nazunguka ndege kukagua matairi, mtoto akaniuliza kwa nini nisishuke.

Saa 12:58 jioni

O'Hare tena. Kurudi tumetumia dakika 88, lakini hesabu ni zile 95 zilizopangwa. Jumla ya siku: saa 3 na dakika 45. Mkataba unasema siku ya kazi haihesabiwi chini ya saa 4, kwa hiyo nimeandikiwa 4. Maana yake foleni yote ile ya radi haijaniongezea kitu. Hata ingekuwa shwari ningepata 4.

Kadaftari: saa 62 na dakika 20. Mshahara wa mwezi: uleule wa asubuhi.

Kilichoongezeka ni posho, dola 2 na senti 20 kwa kila saa tangu kuripoti hadi kuachiwa. Saa 5 na dakika 23, haifiki dola 12. Na kwa kuwa sikulala nje, nayo inakatwa kodi. Sambusa mbili na soda pale uwanjani, basi.

Saa 1:13 usiku

Nimeachiwa. Kabla ya zamu nyingine lazima nipate saa 10 za kupumzika, kwa hiyo kesho hawawezi kunianza saa 10 alfajiri. Wameniandikia saa 11:15.

Saa 2:40 usiku

Geto. Wali wa jana, maharage ya kopo. Kaka kanitumia ujumbe: amepata tripu moja tu, dereva wa gari alirudi mapema.

Simu ikalia tena, safari hii si ya lazima. Wamepungukiwa watu tarehe 30, siku yangu ya mapumziko: saa 5 na nusu za kuruka, malipo mara moja na nusu ya kawaida. Hizo ni sawa na saa 8 na robo, na zinawekwa juu ya dhamana, hazimezwi. Kwa ile dola 100 ya mfano ni dola 825 kwa siku moja, wakati leo nzima imeniongezea posho tu.

Tarehe 30 nilimwahidi mtoto kwenda ziwani. Nikampigia mke wangu. Akasema, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia anipe dakika moja nifikirie, nikafungua tena ile safari niangalie saa za kuondoka. Haikuwepo. Rubani wa juu yangu kwenye orodha alikuwa ameshaichukua.

"Basi tunakwenda ziwani," nikamwambia.