Wafadhili wakubwa wa msitu wetu niliwapata hapa hapa Tanga

Shirika letu ni dogo. Kazi yake ni kulinda kingo za vijito vinavyoingiza maji Mto Zigi, katika milima ya Usambara Mashariki. Kwa miaka mingi tuliishi kwa maandiko ya miradi: unaandika, unatuma nje, unasubiri, ukibahatika unapata fedha za miaka miwili au mitatu, na zikiisha walinzi wa msitu wanarudi shambani kwao. Bodi iliponikabidhi kazi ya kutafuta fedha, sikuanza kwa kuuliza nani anatoa ruzuku. Niliuliza ni nani anaishi kwa msitu huu kila siku, na mfuko wake unamruhusu kutoa.

Jibu lilikuwa bombani. Zigi inatoka kwenye misitu ya Amani, inashuka hadi bwawa la Mabayani, maji yanasafishwa kwenye mtambo wa Mowe, ndipo yanaingia jijini Tanga. Kingo zikilimwa hadi majini, au wachimbaji wa dhahabu wakivuruga vijito kama ilivyotokea Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000, mvua inateremsha tope, na tope linamaanisha shabu na dawa nyingi zaidi za kusafishia. Mwenye hoteli, mwenye kiwanda, mwenye shule, mwenye gereji ya malori, wote wanakaa mwisho wa mto huo. Wengi hawajawahi kupanda Amani.

Mwaka 2024 hoja yetu ilipata uzito ambao nisingeweza kuupa mwenyewe. Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu ya maji, na wawekezaji waliinunua ikapitiliza kiasi kilichotakiwa. Tangu hapo, nikikaa na mfanyabiashara, naanzia hapo: watu wameweka mabilioni kwenye mabomba na mitambo, je, nani anaweka fedha kule maji yanakotoka?

Niliambiwa mara nyingi kwamba Watanzania hawatoi. Sikubali. Anayesema hivyo hajakaa kwenye kamati ya harusi, wala hajaona misikiti na makanisa yaliyosimama kwa mifuko ya waumini. Watu wanatoa, na wanatoa sana. Wanataka kumjua anayeomba, kuona kinachofanyika, na kujua kama jina lao litabaki salama.

Kwa hiyo sikutuma barua kwa mtu yeyote. Fedha kubwa ni kama posa: anatangulia mshenga, mtu anayeheshimika nyumba zote mbili. Nilikaa na kila mjumbe wa bodi tukapitia majina: huyu unamfahamu vipi, mlisoma pamoja, mnasali pamoja, mmeoana? Asiye na mshenga tulimwacha kwanza, hata awe tajiri namna gani. Na ziara ya kwanza haikuwa ya kuomba. Nilikuwa nauliza tu: maji yalipokatika mara ya mwisho, ulifanyaje? Mwenye hoteli alinitolea risiti za maboza. Mwenye shule alinieleza alivyorudisha watoto nyumbani mchana. Nilikuwa naandika, na sikuomba hata senti.

Ziara ya pili ilikuwa ya kupanda mlimani, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Tunatoka Muheza mapema, tunapita lango la Zigi, tunapanda hadi pale kijito kinachotoka msituni kinapokutana na kingine kilichopita mashambani. Wakati wa masika huhitaji kusema kitu. Upande mmoja unaona mawe ya chini, upande wa pili rangi ya matofali. Kisha namwachia mkulima aongee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini mita 60 kwa mtu mwenye ekari mbili ni chakula cha watoto. Mkulima anaeleza jinsi alivyoacha magimbi na miwa ya ukingoni, akapanda miti, akahamishia nguvu kwenye iliki, mdalasini, pilipili manga na ng'ombe wa maziwa wa kufungia. Wapo wakulima waliojiunga kwa kazi hii kupitia UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, na wanaijua kuliko sisi wa ofisini. Tajiri akimsikia mkulima akitaja alichopoteza, maswali yake yanabadilika. Anaacha kuuliza miti mingapi, anauliza huyu mtu anaishije hadi iliki izae.

Mmoja wa tuliopanda nao alikuwa mzee wa Kitanga, mfanyabiashara wa siku nyingi, aliyeletwa kwetu na mjumbe wa bodi anayesali naye. Alinyamaza njia nzima. Tulipokaa kunywa chai akaniambia:

"Mwanangu, watu wangu wanajua kisima. Nikichimba kisima, kila mtu anaelewa kuwa ni sadaka inayoendelea. Hii ya msitu nitawaelezaje?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kisima kina mtaa wake. Kijito hiki kinanywesha jiji: msikiti, kanisa, hospitali na soko. Na mtaa hauwezi kukilinda peke yake."

Akafikiri, kisha mwenyewe akakumbusha hadithi ya Mtume, kwamba Mwislamu akipanda mti, kila atakachokula ndani yake mtu, ndege au mnyama kinaandikwa kuwa sadaka yake. Mimi sikuwa nimeitaja, na nashukuru kwamba sikuitaja. Ingekuwa nimeitumia dini yake kumfungulia mfuko. Ilipotoka kinywani mwake ilikuwa yake.

Alitoa masharti mawili. Jina lake lisitajwe popote, na jambo liendelee akishakufa.

La kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilitufanya tufikiri upya kabisa. Mfano wa mtaji wa kulinda misitu upo: Mfuko wa Hifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki ulianzishwa mwaka 2001, ukapata mtaji wa dola milioni 7 kutoka GEF, mfuko wa kimataifa wa mazingira, na hutumia faida ya uwekezaji kuendesha kazi. Nilimpelekea wazo la namna hiyo, mtaji ukae kwenye hatifungani za serikali. Alikataa pale pale, kwa sababu ya riba. Nilirudi kwa mwanasheria wetu na kwa sheikh ambaye mzee anamheshimu, tukatoka na jambo ambalo Waislamu wa pwani wanalijua tangu zamani: waqfu, yaani mali inayotengwa ili mapato yake yatumike kwa jambo la heri daima. Mzee ana jengo lenye fremu za maduka mjini. Aliamua kodi ya baadhi ya fremu hizo iende kwenye posho za walinzi wa msitu na miche, kwa hati iliyoandikwa, na watoto wake wote wakiwa wamekaa mezani. Hilo la watoto nililisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Zawadi ambayo familia inaisikia mara ya kwanza siku ya msiba huzaa kesi.

Napenda jinsi kodi ya fremu ilivyotuondolea tatizo la zamani. Kila mtu anataka kulipia kupanda miti, apigwe picha na mche. Karibu hakuna anayetaka kulipia mtu wa kuzunguka msituni usiku wa mvua kuzuia wakataji, na bila mtu huyo miche ya picha inaliwa na mbuzi. Kwa wafadhili waliofuata niliweka jambo wazi tangu mwanzo: kila ahadi ina sehemu ya ulinzi ndani yake, na hatuhesabu miti iliyopandwa, tunahesabu iliyo hai baada ya kupita vuli na masika. Wapo waliojiondoa kwa hilo. Waliobaki ndio tunaowapigia simu leo.

Kuna fedha tulizikataa pia. Mfanyabiashara mmoja alikuja na kiasi kikubwa, akitaka kibao chenye jina lake karibu na maporomoko. Tulipouliza taratibu, tukagundua kwamba mbao zake nyingi zinatoka vijiji vile vile tunavyofanyia kazi, na vibali vyake havieleweki. Bodi ilibishana hadi jioni. Niliwaambia kwamba wakulima walioacha mita 60 wanamjua huyo bwana kwa jina, na siku watakapoona kibao chake hawatatuamini tena. Tulimwandikia barua ya heshima ya kukataa.

Karatasi zina umuhimu wake. Ahadi tunaiandika, ikiwa na tarehe za awamu, na fedha zinaingia akaunti ya shirika tu, kamwe si namba ya simu ya mtu. Risiti inatoka siku hiyo hiyo. Fedha zikizidi shilingi milioni 20, mkataba unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10 tangu utiwe saini. Nilimwomba mhasibu aeleze haya yote kwenye kikao na mfadhili, mimi nikiwa kimya, kwa sababu mtu mwenye biashara humwamini mhasibu anayejua anachosema.

Baada ya kutoa hatumwachi mtu. Nampelekea ukurasa mmoja baada ya kila msimu: kingo ipi imepona, wapi moto umepita, nani ameacha kazi. Mabaya naandika juu, mazuri chini. Sikukuu nampigia simu kumjulia hali, bila ombi lolote.

Sasa hivi nazungumza na mwenye malori aliyetambulishwa na binti wa yule mzee. Ameshapanda mlimani, amemsikiliza mkulima, na ameomba aone hesabu za kodi ya fremu za mwaka mzima kabla ya kusema lolote, akipata ruhusa ya familia ya mzee. Familia imekubali. Vuli ikiisha tutahesabu miche ya bonde la juu pamoja naye, na mhasibu wetu atakuja na vitabu vyake.